Fungu la Kuni la Brézoncourt

Hayes, London
Jumapili, 14 Januari 2024

Mama Shekinah,

Ukiishika barua hii ujue mumeo bado anasimama kwa miguu yake.

Karatasi zimekubaliwa. Niliisoma ile barua ya serikali mara tatu, kisha nikampa Fortunat, huyu mtu wa Bukavu ninayefanya naye kazi, kwa sababu yeye alimaliza sekondari na mimi unajua niliishia darasa la sita. Akaisoma polepole akasema ndiyo, Kizito, wamekubali, mke na mtoto. Nilikaa chini kwenye paleti. Msimamizi akauliza kama naumwa.

Mtaitwa Paris mkabandikiwe stika ya viza kwenye hati zenu za safari. Shika hii tarehe: mwisho wa kuingia huku ni 20 Aprili. Baada ya hapo stika inakufa, na kuanza upya sina nguvu.

Najua tulikubaliana mambo makubwa tuyaandike, maana kwenye simu tunakatana maneno, na huko bondeni kwenu mpaka usimame mlangoni mwa kanisa ndipo unasikika. Ndiyo sababu sikupiga.

Kazi ni ile ile, ghala la mizigo karibu na uwanja wa ndege. Leo nimeshusha maua kutoka Kenya, maboksi mia nne. Nyumba ipo, Thornton Heath, karibu na kanisa letu. Usiulize sana, utaiona. Anza kufunga mizigo. Sufuria acha, huku zipo.

Mume wako,
Kizito


Brézoncourt
Jumanne, 30 Januari 2024

Papa Shekinah,

Barua yako ilifika Alhamisi. Nilimsomea mtoto, akanikumbatia, kisha akauliza kwa Kifaransa kama London ana ruhusa ya kwenda na paka. Nilimwambia tutaona. Mungu ashukuriwe. Miaka tisa ya kuomba si kidogo.

Nikupe habari ya hapa. Ulipokuja kiangazi cha mwaka juzi ulilala siku mbili kati ya tatu, kwa hiyo kijiji hukukiona. Nitakuonyesha. Ni bonde, na kijito kinapita katikati. Kanisa lina mnara wenye vigae vya rangi, umekaa kama kengele iliyopinduliwa. Liko birika la zamani la mawe ambako wanawake walikuwa wanafulia, sasa linakaa tu na maji yake. Lipo jiwe la majina ya waliokufa vitani, ishirini na mawili, na jina moja la ukoo limeandikwa mara nne. Watu walio hai ni mia moja arobaini na watatu, pamoja na sisi wawili. Nyuma yote ni msitu, na msitu ni mali ya kijiji.

Sasa sikia. Kila mwaka kijiji kinagawa kuni za msitu huo kwa wakazi. Hawahesabu watu, wanahesabu meko. Ukiwa na jiko lako hapa, unalala hapa, una haki ya fungu moja. Mimi nilidhani ni mambo ya wenyeji. Albert, yule mzee ninayemwosha na kumpikia asubuhi, aliwahi kuwa bwana misitu, akanikasirikia. Alisema, “Jiko unalo, moshi wako nauona kila siku. Kwa nini hujaandikwa?” Basi nikaenda nikaandikwa.

Jumamosi tulipiga kura kwenye ofisi ya meya. Vikaratasi viliwekwa ndani ya kofia. Wanaume tu, na buti zao, wakanipisha nikachota. Nimepata fungu la kumi na saba. Miti imetiwa alama ya rangi, naikata, naitoa msituni kabla ya 31 Machi. Asiyetoa anapoteza.

Kwa hiyo nimalize kuni kwanza, halafu tuongee mizigo.

Laurette


Hayes
Jumapili, 11 Februari 2024

Mama Shekinah,

Nimesoma barua yako nikaigeuza nione kama nyuma kuna maneno mengine. Nilikuandikia karatasi zimekubaliwa, umenijibu kuni.

Kuni za nini? Utakuwa London kabla mti wenyewe haujakauka. Huku unafungua gesi. Mwachie mzee Albert hilo fungu, au mpe jirani, nenda Paris.

Fortunat anacheka. Nilifanya kosa nikamwambia. Sasa kila nikishuka kwenye lori ananiuliza, “Mzee Kizito, shamba la mke limefikia wapi?” Gires naye, kijana wa Goma wa ghala hilo hilo, amesema labda mke wangu ameolewa na meya. Nikamwambia afunge mdomo. Anatania, lakini si kila mzaha ni mzaha tu.

Na nani anakukatia hiyo miti? Andika jina.

Umesahau nilichosema kwa baba yako, ng'ombe wa mwisho wa mahari alipofika na watu wote wa kwetu Walungu wamekaa pale? Nilisema mgongo wa binti yako hautabeba kuni tena. Sikusema kwa ulevi, sikuwa nimekunywa.

Mimi nimechoka, Laurette. Sijui niliandike vipi hilo neno ulielewe. Siku nyingine nikishuka basi pale Hayes nasimama kidogo nikumbuke ni upande gani naenda. Nataka nifike nyumbani nikute mtu.

Nijibu tarehe ya Paris.

Kizito


Brézoncourt
Jumanne, 27 Februari 2024

Papa Shekinah,

Ninayekata ni mimi. Andika jina hilo: Laurette.

Albert alinifundisha. Hawezi kusimama muda mrefu, anakaa kwenye kiti cha kukunja pembeni anaelekeza kwa fimbo. Miti mikubwa hatugusi sisi, fungu ni miti myembamba na matawi. Nina msumeno wa mkono na shoka. Jumamosi na Jumapili Shekinah anakuja anapanga. Mvua imenyesha mwezi mzima, tope linafika kwenye goti.

Paris tulienda tarehe 8. Stika zimebandikwa, ya mtoto na yangu. Nilikuwa nimesahau kukuambia.

Albert ananisimulia habari za hapa huku nikikata, nadhani ili nisipumzike. Anasema zamani sana, miaka karibu mia nne iliyopita, vita vilipita kwenye bonde hili. Majeshi ya wageni yalichoma kijiji chote. Baada ya moto yakaja maradhi, na baada ya maradhi njaa. Walipohesabu meko, yalibaki mawili. Nilisimamisha msumeno. Nilimwambia kwetu naijua hadithi hiyo, isipokuwa yetu haijafika miaka mia nne. Alinipa chai ya chupa yake.

Shule ya Shekinah inaenda vizuri, ameshika nafasi ya tatu. Ana rafiki sasa.

Uko mzima mgongo? Barua iliyopita mwandiko wako ulikuwa umelala upande.

Laurette


Hayes
Jumatano, 13 Machi 2024

Laurette,

Picha imefika.

Kama hujui, ilikuwa kwenye gazeti la huko kwenu, mtu akaituma kwa mtu, ikamfikia Armelle wa kwaya, na Armelle akaiweka kwenye kundi la simu la kanisa zima. Jumapili Thornton Heath, baada ya ibada, watu wanakunywa chai, naona wanawake wameinamia simu moja. Nikadhani ni msiba. Armelle akanionyesha kwa huruma, na ile huruma yake ndiyo mbaya zaidi.

Mke wangu, mkanda kichwani, mzigo wa kuni mgongoni, ameinama kama mama zetu wa mlimani. Na nyuma wanaume watatu wazungu, buti safi, mikono mfukoni, wanatazama.

Mama mmoja akasema, “Hata Ulaya?” Neno moja tu hilo. Nikaweka kikombe nikatoka. Nilitembea mpaka miguu ikanileta tena mlangoni pa kanisa, wameshafunga.

Umenivua nguo. Mimi nakunja mgongo huku miaka tisa ili wako unyooke, na wewe unaenda kuutafuta ule mzigo kwa hiari yako, mbele ya kamera. Tena chini ya picha wameandika maneno, Fortunat akanitafsiria: Bibi Laurette, mwenye jiko. Mwenye jiko ni wewe? Umeniandika nimekufa? Au mlipohesabiana huko mimi sikuwapo?

Stika unayo tangu tarehe 8 Februari na “ulisahau kuniambia”. Sasa nakuandikia wazi. Mje kabla ya 20 Aprili. Usipokuja, niandikie kwamba hakuna ndoa, nami nitajua kupumzika.

Kizito


Brézoncourt
Jumatano, 20 Machi 2024

Kizito,

Nimeisoma mara moja tu, na nitakujibu yote.

Tope lilizidi, wakakataza matrekta kuingia msituni. Fungu langu lilikuwa limekatwa na kupangwa, na tarehe 31 inakuja. Sisi watu wa karatasi tukisikia tarehe tunashika tarehe. Ulinifundisha wewe mwenyewe: ukichelewa siku moja faili lako linakufa. Nikajua nisipotoa kuni, watanifuta kwenye orodha, na wakinifuta kwenye orodha sijui watanifuta wapi tena. Nikashona mkanda kwa turubai kuukuu nikaanza kubeba, safari baada ya safari, mpaka barabarani.

Wanaume uliowaona walikuja kuniambia kwamba hapa watu wanaomba tu kuongezewa muda, kila mwaka wanaomba, meya anaongeza hadi Mei. Mimi wa kuomba nyongeza ya tarehe! Walisimama hivyo mikono mfukoni kwa aibu, hawajui wanipokee mzigo au wasinipokee. Mpiga picha alipata dakika hiyo. Hakupata dakika ya pili, walipojaza mabega yao na kunifuata. Hao watatu walibeba mpaka saa sita mchana, na mmoja ana moyo mbaya.

Lakini nisikufiche. Baada ya kuambiwa kwamba si lazima, bado niliendelea. Siku tatu zaidi, peke yangu. Hili ndilo ninalotaka ulielewe, na sitaliandika mara mbili.

Unajua nilichokutana nacho kwenye msitu wa juu, kwetu, mwaka ule. Nilitoka asubuhi na wenzangu wanne kutafuta kuni. Hatujawahi kusema, mimi na wewe. Ulichofanya ni kugawa kuni zote zilizobaki uani, ukanunua makaa, na wiki ile ile ukaenda kuapa kwa baba yangu. Najua kwa nini uliapa. Nilikupenda kwa ajili hiyo, na bado.

Lakini tangu siku ile sikuingia tena kwenye miti. Hapa nimekaa miaka minne na msitu uko nyuma ya dirisha, nikipita nageuza uso. Sasa nimeingia saa mbili asubuhi, peke yangu, nimetoka saa kumi jioni na mzigo wangu, na hakuna aliyenigusa. Siku ya pili hivyo. Siku ya tatu nilikuwa naimba. Hiyo ndiyo picha ambayo hukuiona. Kwenye ile uliyoiona, kichwa kimeinama kwa sababu mkanda unavuta, si kwa sababu ya aibu.

Mwenye jiko ni mimi kwa sababu waliuliza nani analala hapa. Nilisema ukweli. Wafu hawaandikwi, nawe hujaandikwa, lakini waliniuliza kama nina mume nikasema ninaye, London, anashusha mizigo ya ndege.

Na wewe sasa. Nyumba ya Thornton Heath ina vyumba vingapi? Umeniandikia mara tatu hukuitaja mlango, hukuitaja jirani, hukusema jikoni kunaingia jua au hakuingii. Mtu aliyepata nyumba huzungumzia mlango wake. Armelle alinipigia kunipa pole kwa ajili ya picha. Nikamwuliza dirisha la nyumba yetu linatazama wapi. Akasema anasikia mtoto analia.

Watoto wa Armelle ni wakubwa, Kizito.

Laurette


Hayes
Jumapili, 7 Aprili 2024

Mama Shekinah,

Imenichukua wiki mbili na zaidi. Kila nikianza nalala juu ya karatasi.

Nyumba haipo. Ilikuwapo kwa siku nne, Desemba. Vyumba viwili juu ya duka la Mhindi mmoja, mzee Mansukh, aliyezaliwa Kisumu na anayeongea Kiswahili vizuri kuliko mimi. Alinipenda. Lakini duka na vyumba ni vya mwanawe sasa, na mwanawe alitaka karatasi za mshahara za miezi sita, na mimi ejensi inanipa kazi wiki hii, wiki ijayo hainipi. Wakampa mwingine. Mzee aliniomba radhi akanipa kilo ya unga. Nilikuandikia “nyumba ipo” kwa kuwa nilifikiri mkija itapatikana, kama mtu anayetandika kitanda ili usingizi uje.

Ninakaa chumba kimoja na Fortunat na Gires. Vitanda ni viwili. Mmoja wetu yuko kazini daima, kwa hiyo vinatosha. Nikitoka zamu naingia kwenye joto la Gires, nikiamka Fortunat amekaa kwenye kiti na viatu mkononi, anangoja. Ni watu wazuri. Ungewapenda.

Ulisema nililala siku mbili huko kwenu. Ni kweli. Kilikuwa kitanda ambacho hakuna aliyekingoja.

Mgongo umekwisha. Tangu Novemba nafunga mkanda chini ya shati, msimamizi asiuone. Kwa hiyo tulikuwa wote wawili na mikanda, na mimi nikakutukana kwa ajili ya wako.

Ule msitu wa kwetu sikuuliza kwa sababu niliogopa ungejibu. Ndivyo ilivyokuwa, sina maneno mazuri zaidi. Niligawa kuni kwa sababu kila gogo nililiona limetoka kule. Nimeisoma ile sehemu ya barua yako nikiwa kwenye basi na nikapita kituo changu, nikafika mwisho wa njia, dereva akaniamuru nishuke.

Msije. Siwezi kumleta mtoto aliyeshika nafasi ya tatu kwenye kiti cha Fortunat. Tarehe 20 ipite.

Unataka kuuliza kwa nini basi nisije mimi. Nitasema kabla hujauliza. Kwetu mwanamume hahamii kwa mke. Anayehamia ana jina lake la kejeli, na wanaume wakikaa kunywa anapewa kikombe cha mwisho. Niko na miaka arobaini na nane. Nimepoteza nyumba, nimepoteza nchi, mgongo pia umekwenda. Kilichobaki ni kwamba mimi ni baba mwenye nyumba, hata kama nyumba yenyewe ni uongo niliouandika.

Kizito


Brézoncourt
Jumamosi, 13 Aprili 2024

Papa Shekinah,

Sikuiti, wala sikufukuzi. Nakuandikia yaliyopo.

Chumba cha pili kipo, tuko juu ya shule ya zamani iliyofungwa, mwalimu aliyeishi hapa alikuwa na watoto watano. Mwanasheria wa shirika la wakimbizi anasema upande huu pia kuna mlango, uje kwanza kututembelea, na ombi tuliandike tukiwa pamoja. Itachukua muda. Kazi ya mizigo huku haipo. Daktari yupo, kilomita kumi na moja.

Ile barua yako sikumwonyesha mtu. Ila nilimwuliza Albert jambo moja tu: baada ya meko mawili kubaki, hao watu wa leo walitoka wapi. Alinituma niteremshe kitabu kutoka juu ya kabati, majina aliyonakili mwenyewe kutoka madaftari ya parokia alipostaafu. Walitoka Savoie, milimani, wanaume wenye njaa waliokuja kwa miguu. Nyumba zilizobaki zilikuwa za wajane. Wakaoa, wakaingia. Na padri aliandika hivi, ukurasa baada ya ukurasa: Claude, wa jiko la mjane Jeanne. Pierre, wa jiko la Antoinette.

Nikamwuliza Albert kama waliona aibu. Alifikiri, akasema, “Sijui. Mimi ni wa uzao wa Pierre, na hakuna aliyenicheka.”

Ndiyo hayo. Pumzisha mgongo.

Laurette


Hayes
Jumapili, 21 Aprili 2024

Mama Shekinah,

Jana ilikuwa tarehe 20. Nilikwenda kazini kama kawaida. Nilidhani siku ile itanipiga, lakini ilipita kama siku nyingine, nikashusha samaki wa Ziwa Viktoria waliofungwa kwenye barafu, na saa ya kutoka ilipofika nikagundua sijaitazama saa hata mara moja.

Nimemwambia Fortunat amtafute mtu wa kuchukua nafasi yangu kuanzia mwisho wa Juni. Hakutania. Aliuliza kama huko mvua inanyesha sana, nikasema tope linafika kwenye goti. Akasema, “Basi kaka, nunua buti.” Gires yeye alitaka kujua kama kuna mjane mwingine.

Armelle nimemwambia mwenyewe, mbele ya wale wamama wa chai, kabla hajaniuliza. Nilisema naenda kukaa kwa mke wangu. Nilisema hivyo hivyo, kwa mke wangu. Yule mama wa “hata Ulaya” alifungua mdomo. Nikangoja. Akaufunga.

Basi litanifikisha mjini kwenu Jumamosi, 29 Juni, mchana. Usije na watu. Njoo wewe na mtoto. Usinipokee begi, nitalibeba polepole.

Mambo mengi sitaweza. Kukata sitaweza, na Kifaransa changu ni cha darasa la sita. Kupika naweza, miaka tisa ya chumba cha wanaume imenifundisha, na kumwosha mzee mwenzangu naweza pia, kama unachoka.

Na watakapokaa na daftari lao kuuliza huyu ni nani, usinijibie. Nyamaza kidogo, niseme mwenyewe kwa kinywa changu, nijue linavyosikika: Kizito, wa jiko la Laurette.

Wako,
Kizito